Ofisi ya Nyumbani, Siku ya Tatu Ipewe Jembe

Kazi ya kukaa imeingia majumbani mwetu bila kupiga hodi. Katika nyumba za mji wa Mugumu, na hata katika maeneo ya pembeni kama Manchira, utamkuta kijana anayejibu maswali ya watalii wanaotaka kuja Serengeti, mwalimu anayetunga mitihani usiku, mhasibu anayefunga hesabu za kambi ya wageni iliyo mbali na hapo, binti anayesoma chuo kwa mtandao, na mwandishi kama mimi. Kila mmoja amejitafutia kona ya sebule, au chumba kilichokuwa cha kuhifadhia mahindi, akaweka meza, kiti na kompyuta mpakato, akapaita ofisini.

Ninalipokea jambo hili kwa furaha. Kijana wa Mara halazimiki tena kuhamia Mwanza, Arusha au Dar es Salaam ndipo elimu yake imlishe. Anaweza kubaki kwao, akala ugali wa ulezi alioukulia, akahudhuria msiba wa jirani, akawa karibu na mama yake anayezeeka, na bado akapokea malipo kutoka mbali. Lakini wahenga walituachia kanuni ya kumpokea kila anayeingia nyumbani: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962 katika andiko lake juu ya Ujamaa, akieleza kwamba katika jamii zetu za asili kila mtu alikuwa mfanyakazi. Ofisi nayo ni mgeni. Tumeikaribisha kwa heshima zote: imepewa chumba chenye mwanga, imepewa kiti kizuri kuliko vyote, na watoto wameambiwa wanyamaze inapofanya kazi. Siku zake mbili zimekwisha.

Watu wananiuliza wanunue meza gani na kiti gani ili migongo isiwaume. Swali ni zuri na nitalijibu. Ila liko swali linalolitangulia: katika nyumba hiyo, ni nani mwingine anayeumwa mgongo? Nimefika mahali pa kuamini kwamba ofisi ya nyumbani yenye afya hujengwa kwa kugawana upya kazi za mwili za nyumba nzima, na kiti ni sehemu ndogo tu ya mgawanyo huo.

Tuanze na mwili unaokaa. Mwaka 1700 daktari wa Kiitaliano, Bernardino Ramazzini, alichapa kitabu juu ya magonjwa yanayowapata watu kwa sababu ya kazi zao. Aliandika juu ya wachimba madini na wafinyanzi, na katika toleo la mwaka 1713 akawaongeza makarani. Alisema wanadhurika kwa mambo matatu: kukaa bila kukoma, kurudia mwendo uleule wa mkono, na kuikaza akili muda wote isije ikakosea. Miaka zaidi ya 300 imepita. Unyoya wa kuandikia umekuwa kibodi na mshumaa umekuwa taa ya sola, lakini mambo yale matatu yapo vilevile kwenye kila meza ya ofisi.

Mwaka 1953 daktari Mwingereza, Jerry Morris, na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Waliwalinganisha madereva, waliokaa siku nzima, na makondakta, waliopanda na kushuka ngazi za basi wakikata tiketi. Wote walikuwa chini ya mwajiri mmoja, ndani ya basi moja, katika jiji moja. Hata hivyo, ugonjwa wa moyo uliwapata madereva zaidi kuliko makondakta. Walipowatazama watumishi wa posta wakaona jambo hilohilo: matarishi waliopeleka barua kwa miguu na kwa baiskeli walikuwa na nafuu kuliko makarani wa mezani. Msomaji aliyewahi kupanda basi la Mugumu kwenda Musoma anawajua watu hawa wawili. Mmoja ameshika usukani tangu alfajiri. Mwingine anaruka mlangoni, anapandisha magunia juu, anashusha mizigo, anakimbia kuita abiria. Tumezoea kumwona wa kwanza kuwa ndiye aliyefanikiwa.

Uchunguzi ulionigusa zaidi umefanyika hapa Tanzania, kwa Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, upande wa pili wa nyika hii ya Serengeti na Ngorongoro. Watafiti, wakiwemo David Raichlen na Herman Pontzer, waliwapa vifaa vidogo vya kupima mwendo, na mwaka 2020 wakachapisha walichokiona. Wawindaji na wachuma matunda hawa, ambao mioyo yao ni imara, hupumzika karibu saa 10 kwa siku. Kwa kuhesabu saa peke yake, hawatofautiani sana na mtu wa ofisini. Tofauti iko katika namna ya kupumzika. Mhadzabe huchuchumaa, hupiga magoti, hukaa chini na kuinuka tena, na misuli ya miguu yake huendelea kufanya kazi ndogo hata anapopiga soga. Kiti chenye mto na egemeo huinyang'anya misuli kazi hiyo yote.

Hapo tunapata msingi wa kupanga chumba. Mwili haudai tuache kukaa. Unadai tusikae namna moja kwa muda mrefu, na tunapoinuka, tuinuke kwa sababu yenye maana. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kila wiki, na linaongeza kwamba kupunguza muda wa kukaa kwa kujongea kidogo tu kuna faida. Dakika hizo zinapatikana nyumbani bila mashine yoyote ya mazoezi.

Kwa hiyo, mwite fundi seremala. Hapa kwetu fundi bado anakupima mwenyewe kabla hajakata mbao, na bahati hiyo hawanayo wanaonunua samani zilizokwisha kutengenezwa kiwandani. Simama, kunja mkono, apime kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko chako: hicho ndicho kimo cha meza ya kusimamia. Kaa, nyayo zikiwa zimelala sakafuni, apime tena hadi kwenye kiwiko: hicho ni kimo cha meza ya kukalia. Si lazima ziwe meza mbili. Rafu imara iliyopigiliwa ukutani kwa kimo cha kusimama inatosha, ukahama na kazi yako kutoka hapa hadi pale. Kompyuta mpakato humlazimisha mtu kuinamisha shingo, basi iinue kwa vitabu au kwa kijukwaa cha mbao hadi ukingo wa juu wa kioo ufike usawa wa macho, na ukiweza utumie kibodi ya pembeni. Nyuma ya kiuno weka khanga iliyokunjwa. Dirisha liwe ubavuni, mwanga usikupige usoni wala usiangaze kwenye kioo. Kusimama kutwa nzima nako kunachosha miguu na kuvimbisha mishipa, kwa hiyo siri iko katika kubadilisha.

Kisha weka mbali kila unachokihitaji. Maji ya kunywa yakae jikoni. Simu ichajiwe chumba kingine, uinuke inapoita. Tandika mkeka pembeni, usome makaratasi yako ukiwa umekaa chini. Weka kigoda cha miguu mitatu, kama vile wazee wetu walivyovikalia wakizungumza: hakina egemeo, hivyo mgongo unajishika wenyewe. Kwa mtu ambaye miguu yake haina nguvu, au anayetumia kiti cha magurudumu, vipimo vitakuwa vingine, na fundi apime mwili wake yeye. Chumba kinamtumikia aliyemo.

Sasa tutoke nje ya chumba hicho.

Uani yupo mwanamke. Huenda ni mke, mama, au dada wa huyo anayefanya kazi ofisini. Ameamka kabla ya wote. Ameinama kufagia, ameinama kuosha vyombo, ameinama kupuliza moto kwenye mafiga, na mvua zikianza atainama kupalilia mahindi na mihogo hadi jua liwe kali, kwa jembe lenye mpini mfupi uliopimwa bila kumuuliza. Bwawa la Manchira ndilo mji wa Mugumu unalolitegemea kwa maji, lakini si kila nyumba ya kandokando ina bomba uani. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20, nayo inapanda kichwani, inateremka na kupanda tena. Jioni mwanamke huyu naye anasema mgongo unauma. Hakuna anayemtafutia kiti.

Katika nyumba hiyo hiyo, basi, miili miwili inaumia kwa sababu mbili zinazokabiliana. Mmoja anaumia kwa kukosa mwendo, mwingine anaumia kwa kupewa mwendo wote. Wa kwanza anaambiwa na daktari atembee jioni, naye huvaa raba na kuzunguka barabarani akiwa mikono mitupu, akipishana na mkewe aliyebeba maji. Picha hiyo hunihuzunisha kila ninapoiona. Nguvu anayoitafuta mmoja ndiyo inayommaliza mwenzake.

Tulifikaje hapa? Kazi za mwanamume wa Mara zilikuwa na mwendo mwingi. Alichunga, alijenga zizi, alilima kwa plau akitembea nyuma ya ng'ombe shamba zima. Kidogo kidogo kazi hizo zimepungua au zimepewa wengine. Ng'ombe wanachungwa na vijana wa kulipwa, shamba linakodishiwa trekta pale fedha zinaporuhusu, na kwenda dukani ni kupanda bodaboda. Kila nafuu ya namna hiyo ilipofika, ilipita kwanza kwa wanaume. Mafiga, ndoo na palizi vilibaki palepale. Ofisi ya nyumbani imekuja kuukamilisha mwenendo huo: imempa mtu sababu ya heshima ya kutoinuka kabisa.

Na hapa tumegusa jambo la thamani, maana mgongo huufuata moyo. Tulilelewa tukiamini kwamba kukaa ni tuzo. Shuleni aliyechelewa alipewa jembe au fagio, na aliyefaulu alipewa kalamu na makofi. Wazazi walisema kwa upendo, soma mwanangu usije ukashika jembe kama mimi. Hawakuwa na nia mbaya. Walijua uzito wa jembe. Lakini mtoto alijifunza kwamba mwili wenye jasho ni wa aliyeshindwa, na alipopata kazi ya kukaa, kuinuka kukawa kama kurudi nyuma.

Mwalimu Nyerere aliliona hilo mapema. Machi 1967 alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, akionya kwamba elimu tuliyoirithi inamtenga msomi na jamii yake na kumfundisha kudharau kazi ya mikono. Alitaka kila shule iwe pia shamba au karakana, wanafunzi wale matunda ya jasho lao. Oktoba mwaka huohuo, akiwa Rais wa nchi, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. Butiama ni hapa hapa mkoani kwetu. Alipong'atuka urais mwaka 1985 alirudi huko akalima. Mtu huyu alikuwa ameshamtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili mara mbili, kwa Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Kalamu na jembe vilikaa ndani ya mkono mmoja, wala kimoja hakikukiaibisha kingine.

Utekelezaji wa Elimu ya Kujitegemea ulipotoka njia katika shule nyingi, jembe likageuka adhabu vilevile kama lilivyokuwa kabla. Wazo lake lingali hai, na nadhani limepata nafasi mpya katika nyumba ambayo mshahara na palizi vinapatikana mlango mmoja. Anayefanya kazi nyumbani ana nafasi ambayo mtumishi wa mjini hana: kati ya ripoti moja na nyingine anaweza kuwa kisimani.

Nyumbani kwangu tulikaa tukazungumza. Maji yakawa kazi yangu, kwa toroli na madumu, asubuhi kabla sijafungua kompyuta na alasiri macho yanapochoka. Kuni nazipasua mimi. Mke wangu akapata kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho, muda wa kukaa kivulini mchana bila kuinuka. Nilikutana na mzee jirani njiani, akasimama.

"Mura, wa nyumbani kwako anaumwa?"

"Haumwi, mzee. Anapumzika. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa tangu asubuhi."

Alinitazama kwa muda. "Sisi hatukubeba maji," akasema, "lakini tulichunga mpaka miguu ikapasuka. Nyinyi ng'ombe mmewaachia watoto wa watu. Basi bebeni hayo maji."

Nimeyashika maneno yake. Mzee huyu hakukubali kwa sababu ya mafundisho mapya kutoka mbali. Alipima kwa kipimo chake mwenyewe: mtu mzima ana deni la mwendo kwa nyumba yake, na asipolilipa kwa ng'ombe, alilipe kwa kitu kingine. Naona kipimo hicho ni cha haki, na ni chetu.

Faida yake kazini ni kubwa kuliko nilivyotarajia. Sentensi iliyogoma mezani hulegea njiani, miguu ikiwa inakwenda na mikono imeshika toroli. Akili iliyokazwa, ile aliyoisema Ramazzini, hupata mahali pa kulegezwa. Ninarudi mezani nikiwa na jasho na nikiwa na neno.

Wapo watakaosema mwajiri hawezi kuvumilia hayo. Kazi nyingine zina saa zake: anayepokea simu za wateja hawezi kuondoka akaenda kisimani. Huyo aanze na dakika zake mwenyewe, zile za kabla ya kazi na za chakula cha mchana, na katikati ya kazi asimame anapozungumza kwa simu. Anayelipwa kwa kazi aliyoikamilisha ana uhuru zaidi, na aujue. Waajiri nao wanafaa kuelewa kwamba ofisi ikihamia nyumbani, wajibu wa kulinda afya ya mfanyakazi hauishii kwenye lango la kampuni. Sheria yetu ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imejengwa juu ya wazo kwamba kazi isimdhuru anayeifanya, na mgongo wa mtu unaumia vilevile akiwa Manchira kama akiwa kwenye ghorofa la mjini.

Kugawana pia kuna upande wa pili tusiousahau. Haitoshi kumwongezea mwendo anayekaa. Anayeinama lazima apunguziwe. Fundi yuleyule aliyekuja kupima meza ya ofisi asiondoke kabla hajampima anayepalilia na kupika. Ampimie mpini wa jembe mrefu wa kutosha apalilie bila kujikunja. Ajenge kichanja cha vyombo kwa kimo cha kiwiko chake. Ainue jiko, liwe la matofali na udongo, mpishi asimame wima. Kanuni ya kimo cha kiwiko haijui tofauti kati ya kibodi na sufuria. Ukiitumia ofisini na kuikataa jikoni, ujue umekwisha kuamua mwili wa nani una thamani.

Watoto wanatutazama. Mtoto anayemwona baba akifunga kompyuta na kuchukua dumu, na anayemwona mama akikaa na kusoma gazeti mchana, hatahitaji somo la afya wala la haki. Atakua akijua kwamba kusoma hakumwondolei mtu mikono, na kwamba kupumzika ni haki ya kila aliyefanya kazi.

Jumapili hii, kabla hamjatoa fedha ya meza wala ya kiti, kaeni pamoja wote mnaoishi chini ya paa moja. Jiulizeni maswali matatu: wiki hii nani alikaa zaidi, nani aliinama zaidi, nani alibeba zaidi? Kila mtu ajibu kwa mdomo wake, na watoto wasikilize. Kisha gawaneni upya, kazi kwa kazi, mpaka aliyekaa awe na kitu cha kubeba na aliyebeba awe na mahali pa kukaa. Baada ya hapo ndipo mumwite fundi.